Vyombo Vipya vya Kuzuia Radi: Je, Vyafaa Kitu?

Mvua za masika zikikaribia, wachuuzi wa vyombo vya kuzuia radi nao hukaribia. Kwa hiyo somo letu la mwezi huu ni juu ya vyombo hivyo.

Ikiwa unakaa Kisii, Nyamira, Kakamega, Nandi au Kericho, ndugu mkulima, huna haja ya kuelezwa radi ni kitu gani. Asubuhi jua ni kali na majani ya chai yanachumwa. Alasiri wingu jeusi hupanda, na kabla ya saa kumi watoto wanakimbia kutoka shuleni na ngurumo ziko nyuma yao. Sababu kubwa ni Ziwa Victoria. Mchana upepo wenye unyevu hutoka ziwani, hukutana na vilima, hupanda, na huko juu hugeuka mawingu marefu ya mvua na barafu. Usiku mambo hugeuka, mawingu hujikusanya juu ya maji, na wavuvi ndio wanaopata taabu. Ng'ambo ya ziwa ni vivyo hivyo. Kampala na Tororo ni miji iliyohesabiwa kuwa na ngurumo siku zaidi ya 200 katika mwaka mmoja. Mwezi wa Juni 2011 radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, katika wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, ikaua wanafunzi 18.

Habari kama hiyo ikisikika, kamati za shule hukutana na wazazi huchanga fedha. Hapo ndipo shida yetu inapoanza. Tuseme wewe ni mjumbe wa kamati ya shule yenye majengo sita ya mabati. Mbele yenu wamekuja watu wawili. Wa kwanza ni fundi, naye ataka kuweka vyuma vya kawaida juu ya kila jengo, nyaya za kushuka kwenye kuta, na vyuma vya kuzikwa ardhini. Kazi ni nyingi na bei ni kubwa. Wa pili ni kijana nadhifu mwenye mkoba. Atoa chombo kinachong'aa, mfano wa kibuyu cha chuma chenye ncha, na kusema: "Wazee wangu, hiki kimoja tu. Kiwekeni juu ya mlingoti katikati ya uwanja, nacho kitalinda kila kitu mpaka mita 80 kila upande. Hakuna haja ya kutoboa mapaa." Atoa na cheti chenye mhuri kutoka ng'ambo. Wajumbe watazamana. Kwa kweli chombo kimoja ni rahisi kuliko vyuma vya majengo sita.

Nitakupa jibu kwanza, kisha sababu zake. Chombo kile kikipigwa na radi, na kama waya wake na vyuma vyake vya ardhini ni vizuri, kitaipeleka radi ardhini kama chuma cha kawaida kinavyofanya. Lakini zile mita 80 hazijathibitishwa. Kinalinda kiasi kile kile ambacho kingelindwa na chuma cha kawaida cha urefu huo huo, basi. Darasa lililo mwisho wa uwanja halina kinga, na watoto waliomo hawajui kwamba halina.

Ili ufahamu sababu, yakupasa kujua jinsi radi inavyoshuka. Ndani ya wingu vipande vya barafu hugongana, na kugongana huko hutenga umeme. Sehemu ya chini ya wingu hujaa umeme wa namna moja, na ardhi iliyo chini yake hupata umeme wa namna ya pili. Umeme wa wingu hauruki mara moja mpaka chini. Hushuka kwa hatua, kila hatua kama mita 50, ukitafuta njia kama kipofu na fimbo yake. Tuuite ulimi wa radi. Wakati ulimi huu uko juu sana, haujui kwamba kuna shule, wala kanisa, wala mkaratusi. Unapokaribia ardhi kiasi cha makumi ya mita tu, ndipo vitu vya chini vinapoanza kutoa vilimi vyao kwenda juu kuupokea: ncha ya mti, kona ya paa, mlingoti wa bendera, hata kichwa cha mchungaji aliyesimama mahali wazi. Kilimi kinachokutana na ulimi kwanza ndicho kinachopokea radi. Hapo umeme wa kiasi cha ampea 30,000, na mara nyingine zaidi sana, hupita katika njia ile kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na hewa huwa na joto la digrii kama 30,000. Taa moja ya nyumbani haitumii hata ampea moja.

Neno la kushika hapa ni hili: shabaha ya radi huamuliwa katika makumi ya mita za mwisho. Kitu kilicho mbali hakiwezi kuuita ulimi ambao tayari umefika juu ya paa lako.

Chuma cha radi chenyewe ni kitu cha zamani. Benjamin Franklin wa Marekani alitangaza habari zake mwaka 1753. Mwanzoni alidhani kwamba ncha kali ingenyonya umeme wa wingu polepole, kimya kimya, hata radi isitokee. Hakuwa amekosa kabisa, kwa maana ncha kali hutoa umeme kidogo hewani. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1760 nyumba ya mfanyabiashara mmoja mjini Philadelphia, iliyokuwa na chuma hicho, ilipigwa na radi. Ncha iliyeyuka, nyumba ikabaki salama. Tangu hapo ilionekana wazi kwamba kazi ya chuma ni kuipokea radi na kuipa njia ya kwenda ardhini bila kupita ndani ya nyumba. Kuizuia isije si kazi yake. Nimekuletea habari hii ya kale kwa sababu utaona muda si mrefu kwamba baadhi ya vyombo vinavyoitwa vipya vinarudia lile wazo la kwanza ambalo Franklin mwenyewe alilazimika kulipita.

Sasa tutazame vyombo vyenyewe. Namna ya kwanza ni ile ya kijana wetu mwenye mkoba. Watengenezaji wake wasema kwamba chombo hutoa kilimi mapema kuliko chuma cha kawaida, mapema kwa sehemu kama 60 za milioni moja ya sekunde. Tena wasema kilimi huenda mwendo wa mita moja kwa kila sehemu moja ya milioni. Kwa hiyo, zidisha, chombo kimepata mita 60 za bure, ni kana kwamba mlingoti umeongezwa urefu huo. Hesabu hii ni nzuri katika karatasi. Lakini vilimi vya kweli vilipopimwa, vilionekana kwamba mwanzoni huenda polepole zaidi sana, kama sehemu moja ya kumi ya mwendo huo au chini ya hapo. Tena majaribio yanayotajwa katika vyeti yalifanywa ndani ya jumba, kwa cheche za kutengenezwa zenye urefu wa mita chache. Hilo si wingu la Kericho.

Je, nje chini ya wingu la kweli ilikuwaje? Profesa Charles Moore na wenzake walijaribu jambo hili juu ya mlima South Baldy, huko New Mexico, Marekani, mahali palipo juu kupita mita 3,000 na penye radi nyingi. Walisimamisha vyuma vya namna mbalimbali karibu karibu ili vishindane: vyenye ncha kali, vyenye ncha butu, na vile vipya vya kuita radi mapema. Walingoja miaka saba. Katika miaka hiyo vyuma 12 vilipigwa, navyo vyote vilikuwa vya ncha butu, vyenye unene wa kidole gumba hivi. Vya ncha kali havikupigwa. Vile vipya navyo havikupigwa hata kimoja. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2000. Mtu aweza kusema miaka saba na mlima mmoja ni kidogo, na mimi nakubali; lakini ikiwa chombo chako kweli huwatangulia wengine wote, ungetazamia kishinde walau mara moja.

Huko Malaysia, nchi yenye ngurumo nyingi kama yetu, wataalamu wawili, Hartono na Robiah, wamekwenda mwaka baada ya mwaka wakipiga picha majengo ya Kuala Lumpur yenye vyombo hivi. Picha zaonyesha kona za majengo zilizomegwa na radi, nazo zilikuwa ndani ya eneo ambalo chombo kilisemekana kulilinda. Mwaka 2002 Profesa Martin Uman na Profesa Vladimir Rakov wa Florida walipitia ushahidi wote uliopatikana wa vyombo vya namna hii, na hawakuona kwamba vyapita chuma cha kawaida. Mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho katika jimbo la Arizona iliamua kwamba majaribio yaliyoletwa na wauzaji hayakuthibitisha lile eneo kubwa walilolitangaza.

Lakini cheti cha kijana wetu, je, ni cha uongo? Yawezekana ni cha kweli. Ufaransa ina kanuni yake ya vyombo hivi tangu mwaka 1995, na vyauzwa kwa halali katika nchi nyingi. Kanuni ya mataifa yote, ile inayoitwa IEC 62305, ni jambo lingine. Hiyo hupima eneo linalolindwa kwa urefu na umbo la chuma kinachoonekana kwa macho tu, wala haitoi mita za ziada kwa sababu ya kitu kilicho ndani ya kibuyu. Basi ukionyeshwa cheti, usiulize tu kama ni halali. Uliza ni cha kanuni gani.

Namna ya pili ni vyombo vya kufukuza radi. Hivi vina miiba mingi ya chuma, mamia au maelfu, mfano wa mwavuli au brashi kubwa. Muuzaji husema kwamba miiba hunyonya umeme wa wingu hata radi isije kabisa. Hapo umelisikia tena wazo la kwanza la Franklin. Mamlaka ya usafiri wa ndege ya Marekani iliviweka kwenye viwanja vya ndege vya Orlando, Sarasota na Tampa katika jimbo la Florida ili kuvijaribu. Mwaka 1989 radi ilivipiga vile vile.

Hata bila kwenda Florida waweza kulifikiri jambo hili ukiwa shambani mwako. Msitu wa Kakamega una miti mingapi, na kila mti una ncha ngapi za majani na matawi? Ni mamilioni kwa mamilioni ya miiba iliyosimama ardhini kwenye unyevu, bila kulipiwa na mtu. Kama miiba ingeweza kulimaliza wingu umeme wake, msitu ule usingepigwa na radi kamwe. Nawe wajua kwamba hupigwa. Wingu hutengeneza umeme mpya haraka kuliko ncha ziwezavyo kuupunguza, na upepo huuchukua ule mdogo uliotoka.

Namna ya tatu haiuzwi tena katika nchi nyingi, lakini yaweza kupatikana kwenye jengo la zamani. Ni vyuma vilivyotiwa kipande kidogo cha radiamu au amerisiamu, vitu vyenye mnururisho, kwa matumaini kwamba vingeita radi kutoka mbali. Havikufanya hivyo, na vilileta hatari nyingine. Brazil iliacha kuviruhusu mwaka 1989. Ukikuta juu ya jengo kuukuu kisahani cha chuma chenye alama ya mnururisho, usikipande kukifungua wala usimwuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Toa habari kwa chifu ili ifikishwe kwa Kenya Nuclear Regulatory Authority.

Juu ya gurudumu kuukuu la gari lililowekwa juu ya paa, ambalo laonekana katika nchi nyingi za Afrika, sitasema mengi. Watu husema mpira hauruhusu umeme. Ni kweli kwa umeme wa taa. Lakini radi imepita kilomita kadhaa za hewa, na hewa nayo hairuhusu umeme. Itashindwaje na mpira wa kiasi cha shubiri moja? Kazi ya gurudumu ni kuzuia upepo usibebe mabati. Kufunika vioo hakudhuru mtu, wala hakumlindi.

Sasa nakuja kwenye hoja ambayo huwashinda watu wengi, hata wenye elimu. Mchuuzi atakuambia: "Nenda kamwulize fulani. Aliweka chombo chetu miaka kumi iliyopita, na nyumba yake haijapigwa hata siku moja." Utakwenda, utamwuliza, naye atasema ni kweli. Je, si ushahidi huo?

Tufanye hesabu. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8, yenye urefu wa mita 5 mpaka kilele cha paa. Wataalamu huhesabu kwamba nyumba hukusanya radi kutoka eneo linaloizunguka mpaka umbali wa mara tatu ya urefu wake. Kwa nyumba hii eneo hilo ni kama mita za mraba 1,300. Sasa tuseme unakaa mahali pa radi nyingi, ambapo radi 10 hupiga ardhi katika kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Kilomita moja ya mraba ni mita za mraba 1,000,000. Gawanya, nawe utaona kwamba nyumba hiyo itapigwa, kwa wastani, mara moja katika miaka 75. Ikiwa juu ya kilima au peke yake mbugani itakuwa mara nyingi zaidi, lakini hesabu ni ya namna hiyo hiyo.

Basi yule mtu wa miaka kumi angekaa salama, yawezekana sana, hata kama asingeweka kitu. Angesalimika na gurudumu, angesalimika na kibuyu cha maji. Kwa kila nyumba mia za namna hiyo, moja au mbili hupigwa kwa mwaka, na tisini na nane au zaidi husifu chochote kilichokuwa juu ya paa. Mchuuzi hakupeleki kwa wale wawili. Wazee wa Kericho wataikumbuka habari iliyofanana na hii, zile roketi zilizofyatuliwa mawinguni katika miaka ya 1960 ili kupunguza mvua ya mawe kwenye chai. Mwaka wenye mawe machache kila mtu alisema roketi zimefanya kazi; lakini mvua ya mawe hupungua na kuongezeka yenyewe, na kuupata ukweli kulikuwa kazi ngumu. Kitu kinachotokea mara chache hakijaribiwi kwa kumwuliza jirani. Ndiyo sababu Profesa Moore aliweka vyuma vyake pamoja juu ya mlima mmoja na kungoja.

Hatari yenyewe iko wapi katika nyumba zetu? Watu wengi hudhani mabati huita radi. Mabati hayaiti, maana urefu wa jengo ndio unaohesabiwa. Shida ni kwamba paa la bati limekaa juu ya mbao na udongo, bila njia ya kwenda chini. Radi ikifika kwenye bati hutafuta njia yake yenyewe, na mara nyingi hupita katika waya wa taa, kitanda cha chuma, au mwili wa mtu aliyeegemea ukuta. Kwa hiyo njia ya kwenda ardhini ndiyo mali ya kununua. Ile ncha ya juu ni kitu kidogo.

Kazi nzuri huwa hivi. Juu ya paa huwekwa vyuma au nyaya zinazofuata kilele na kufika kwenye kona. Bati lenyewe laweza kutumika badala ya vyuma likiwa na unene wa nusu milimita au zaidi. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko hapo na radi yaweza kulitoboa. Kisha nyaya za kushuka, mbili au zaidi, kwenye kona zinazokabiliana, zisiwe mbali mno. Mita 15 mpaka 20 ndio mwisho. Moja haitoshi, maana mbili hugawana umeme. Kila waya uwe na unene wa milimita za mraba 50, ushuke moja kwa moja bila kupindwa ghafula, kwa sababu radi haipendi kona kali. Huruka na kuiacha waya. Mifereji ya maji, madirisha ya chuma na tangi vilivyo karibu na waya vifungwe pamoja nayo, la sivyo radi itaruka kutoka kimoja kwenda kingine.

Chini, piga fito ya chuma ardhini futi nane au zaidi kwa kila waya. Penye mwamba, chimba mtaro wa nusu mita kuzunguka jengo lote, mita moja kutoka ukutani, ukazike waya ndani yake. Fundi apime, na kipimo kizuri ni ohmu 10 au chini yake. Fundi asiyekuwa na chombo cha kupimia huyo bado hajamaliza kazi. Na waya usishuke karibu na mlango wala mahali ambapo watoto husimama kungoja mvua ipite, kwa sababu mtu aliye ndani ya mita tatu kutoka kwake aweza kuuawa na umeme unaotambaa ardhini.

Shaba ni nzuri lakini ina adui yake, naye ni mwizi. Shule nyingi zimeamka asubuhi na kukuta waya umekatwa, na chombo cha thamani kimebaki juu ya paa bila njia, hatari kuliko kutokuwa nacho. Tumia basi chuma kilichopakwa zinki, au alumini kwa sehemu za juu. Alumini usiizike ardhini wala usiifunge na shaba, zitaliana.

Umeme wa kampuni ukiingia nyumbani, radi yaweza kuja kwa njia hiyo hata ikipiga mbali. Fundi wa stima anaweza kuweka kizuizi kwenye ubao mkuu wa fyuzi, nacho ni chombo kinachofanya kazi ya kweli kikifungwa na waya mzuri wa ardhini. Lakini kinalinda redio na friji, hakilindi paa wala watu walio chini yake. Wauzaji wengine huchanganya mambo haya mawili kwa makusudi.

Kwa ng'ombe, kumbuka kwamba wengi hawapigwi na radi yenyewe. Radi hupiga mti, umeme hutambaa ardhini, na ng'ombe ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali mbali huupitisha mwilini, na moyo uko katikati. Ndiyo maana kundi zima laweza kufa chini ya mti mmoja. Zungushia ua miti mirefu iliyo peke yake malishoni. Ua wa seng'enge wenye nguzo za mbao upigiwe nguzo ya chuma kila mita 40 au 50, ifungwe na nyaya zote, ili umeme usisafiri ua mzima mpaka walipo wanyama.

Yasiyo na gharama ni haya. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, acha jembe uingie ndani, na usitoke mpaka nusu saa imepita tangu ngurumo ya mwisho. Jengo kubwa lenye nyaya za umeme na mabomba, au gari lenye paa la chuma, ni mahali pazuri. Mti, kibanda cha sokoni na baraza si mahali pa kujificha. Ndani, kaa mbali na ukuta, na simu usiitumie ikiwa imeungwa kwenye chaja. Na mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse bila woga. Ikiwa hapumui na moyo umesimama, mkandamize kifua kwa nguvu na haraka, umpulizie pumzi, na usiache mpaka msaada ufike. Wengine wameachwa kufa kwa sababu jirani waliogopa kuwashika.

Turudi kwa kamati yetu. Yule kijana bado ameketi na mkoba wake. Mwulizeni mambo matatu: cheti ni cha kanuni gani, chombo kikiondolewa na kuwekwa chuma cha kawaida cha urefu ule ule, ni eneo gani lingelindwa, na kipimo cha ardhi atakiandika na kutia sahihi? Swali la pili litamchosha.

Ikiwa fedha hazitoshi majengo sita, msinunue kibuyu kwa sababu tu fedha zake zatosha. Wekeni kinga kamili kwenye jengo moja, lile kubwa zaidi, na mwalimu mkuu atoe amri kwamba ngurumo ya kwanza ikisikika madarasa yote yahamie humo. Mwaka ujao mtaweka la pili. Kila mwaka kabla ya masika mtu mmoja wa kamati azunguke na spana, akaze viungo, atazame kama kutu imekula waya pale unapoingia ardhini, kwa kuwa hapo ndipo unapokatika kwanza na nyasi huficha.